Dola na Dini Hazikupanda Gari Moja: Mjadala wa Makambako

Hoja iliyowekwa mezani ni hii: je, Uislamu ulienea kwa nguvu za dola zake? Huulizwa Dar es Salaam, huulizwa Unguja, lakini hukolea zaidi ukiiuliza Makambako. Mji huu umekaa pale barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapoachana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita papo hapo baada ya kuipanda milima kutoka Mlimba. Hakuna sultani aliyewahi kujenga ikulu hapa. Hakuna magofu ya msikiti wa kale kama ya Kilwa. Mkoa mzima wa Njombe ni ngome ya Walutheri na Wakatoliki. Hata hivyo alfajiri adhana inasikika Makambako, na wanaoiitika si wapita njia peke yao. Ilifikaje?

Wanaojadili ni watano, nimewaita kwa kazi zao: Mwinjilisti wa Kilutheri, Ustadhi anayefundisha madrasa, Mwalimu mstaafu wa historia, Mama anayeuza viazi kwa jumla, na Dereva wa lori la Tunduma. Mimi mwandishi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MWINJILISTI: Kamwene, ndugu zangu. Nianze bila kuzunguka. Mtume Muhammad alifariki Madina mwaka 632. Mwaka 642 Aleksandria imekwisha kuangukia mikononi mwa Amri bin al-Asi. Mwaka 651 mfalme wa mwisho wa Uajemi ameuawa akikimbia. Mwaka 711 Tariki amevuka mlango wa bahari kuingia Hispania, na mwaka huohuo jeshi jingine liko Sindhi, kwenye Mto Indus. Haijatimia miaka mia moja, dola imetanda kutoka Atlantiki hadi India. Ustadhi, wewe ni jirani yangu na sitaki kukuudhi. Lakini mwendo huo ni wa farasi na upanga. Mwalimu wa dini hatembei kwa kasi hiyo.

USTADHI: Kamwene, Mwinjilisti. Hujaniudhi, maana hapo umesema kweli tupu: ni mwendo wa jeshi. Ila tazama jeshi lenyewe lilikuta nini. Rumi ya Mashariki na Uajemi walikuwa wametoka kupigana kuanzia 602 hadi 628. Waajemi waliuteka Yerusalemu mwaka 614, Warumi wakaurudisha, wote wawili hazina tupu na vijana wamekwisha. Na Misri, Wakristo wa Kikopti walikuwa wanasumbuliwa na Wakristo wenzao wa Konstantinopoli kwa ajili ya mafundisho ya Mtaguso wa Kalkedonia wa 451. Kwa hiyo wengi hawakuona sababu ya kumfia kaisari aliyekuwa akiwatesa maaskofu wao.

MWINJILISTI: Nakubali mlango ulikuwa umeoza. Bado aliyeupiga teke ni mtu.

USTADHI: Ni mtu, tena askari. Swali langu: alipoingia ndani alifanya nini? Hakuhubiri. Waarabu walijenga kambi zao: Kufa na Basra huko Iraki, Fustati huko Misri. Wakakaa humo, wakala mishahara yao, wakawaacha wenyeji na makanisa yao na mahekalu yao ya moto. Walichotaka ni kodi.

MWALIMU: Hapo ndipo penye utamu, na ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakishtuka. Asiye Mwislamu alilipa jizya, kodi ya kichwa. Akisilimu, kwa kanuni, anafutiwa. Sasa jiwekeni kwenye kiti cha gavana wa Khurasani mwanzoni mwa karne ya 8. Dameski inataka fedha. Kijiji kizima kinakuja kusema kimesilimu. Utafurahi? Magavana wengi wa Bani Umayya, ukoo uliotawala kutoka Dameski, hawakufurahi hata kidogo. Waliendelea kuwatoza waliosilimu kana kwamba hawajasilimu. Khalifa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala kuanzia 717 hadi 720, alilazimika kutoa amri kwamba mwenye kusilimu asitozwe jizya. Ukiona amri imetolewa, jua jambo lilikuwa linatendeka. Na alipokufa, mtindo wa zamani ukarudi.

MAMA: Subiri, Mwalimu. Unasema serikali ya Kiislamu ilikuwa inazuia watu wasiwe Waislamu?

MWALIMU: Haikuwakataza kwa tangazo, Mama. Iliwakatisha tamaa kwa daftari la kodi. Na hasira hiyo ya waliosilimu halafu wakaendelea kutozwa ni moja ya kuni zilizowasha uasi wa Khurasani wa 747. Ndio uliowaangusha Bani Umayya na kuwaleta Bani Abbasi mwaka 750.

MAMA: Basi hilo nalielewa bila kitabu. Sokoni mtoza ushuru hajawahi kuniuliza nasali wapi. Anahesabu magunia.

(Nimeipenda kauli hii ya Mama kuliko kurasa nyingi nilizosoma. Yupo mwanahistoria Mmarekani, Richard Bulliet, aliyechambua majina ya watu katika kamusi za wasifu za Uajemi ili kujua ni lini familia zilianza kuwapa watoto majina ya Kiislamu. Alichokiona ni kwamba wengi wa Waajemi hawakuwa Waislamu hadi karne ya 9 au ya 10, zaidi ya miaka mia mbili baada ya jeshi kushinda. Misri ilichukua muda mrefu zaidi, na Wakopti wapo hadi leo kwa mamilioni. Upanga ulikata mara moja. Kusilimu kulikuja baadaye, kwa sababu nyinginezo: ndoa, kazi serikalini, biashara, majirani, na imani yenyewe.)

MWINJILISTI: Mnanichukua Uajemi na Misri kwa sababu huko mnashinda. Nipelekeni India. Masultani wa Delhi, kisha Wamogholi kuanzia 1526, waliitawala kwa nguvu kweli kweli.

MWALIMU: Nenda, na uangalie ramani. Kama dola ndiyo iliyosilimisha, Waislamu wangejaa Delhi na Agra, kwenye pua ya mfalme. Lakini walio wengi waliishia Bengali mashariki na Punjabi magharibi, pembezoni. Huko Bengali ni misitu iliyokuwa ikifyekwa na wakulima, na walimu wa kisufi wakiongoza ufyekaji. Halafu kuna Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani. Hakuna jeshi la khalifa lililowahi kuiteka nchi hiyo.

DEREVA: Shikamooni wazee wangu. Samahani nimechelewa, foleni ya mzani. Nimewakuta Bengali! Mimi naomba mshuke kidogo, mfike huku kwetu.

MWALIMU: Marahaba. Tunashuka, mwanangu. Tuanzie pwani. Shanga, katika funguvisiwa la Lamu, wachimbaji wamekuta msikiti wa karne ya 8. Kizimkazi, Unguja, upo msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107. Ibn Batuta alifika Kilwa mwaka 1331 akakuta mji wa sultani al-Hasan bin Sulaiman, wenye fedha zake na dhahabu ya Sofala. Sasa hesabu: kutoka Kizimkazi 1107 hadi Uislamu kupanda nyanda hizi za juu kwenye karne ya 20 ni miaka mia nane.

DEREVA: Miaka mia nane! Lori gani hilo, Mwalimu? Hata lenye pancha lingefika.

MWALIMU: Ndiyo maana nasema halikuwa limetumwa. Miji ya pwani ilikuwa ya Kiislamu na ilifanya biashara na bara kizazi baada ya kizazi, isijaribu kulisilimisha bara. Kisha ikaja dola kubwa kuliko zote katika sehemu zetu. Seyyid Said bin Sultan wa Omani alihamishia makao yake Unguja kati ya 1832 na 1840. Alipokufa 1856 bendera yake nyekundu ilikuwa inajulikana hadi Ujiji. Watu wakasema zumari likipigwa Unguja, watu wa maziwa makuu hucheza. Dola hiyo ilihubiri nini?

USTADHI: Karafuu na pembe.

MWALIMU: Karafuu, pembe na watumwa. Na angalieni mambo mawili. La kwanza: forodha ya sultani, ambayo ndiyo roho ya dola, kwa miaka mingi ilikodishwa kwa Jairam Shivji na nyumba yake ya biashara. Mhindu. Misafara mikubwa ya Tippu Tip ilipata mtaji kwa Tharia Topan, Mwismailia. Tippu Tip mwenyewe, mwaka 1887, akakubali kuwa gavana wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, Mkatoliki, kule Kongo. Dola ya namna hiyo haina haraka ya kumsilimisha mtu.

La pili ndilo ninalolipenda. Masultani wa Unguja walikuwa Waibadhi. Waislamu wa pwani ni Wasuni wa madhehebu ya Shafii, na walikuwa hivyo kabla Muomani hajafika. Mabusaidi, ukoo wa Seyyid Said, wakatawala karne nzima na zaidi. Je, Waswahili waligeuka Waibadhi? Hata kidogo. Sultani aliweka kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisuni, kila mmoja na watu wake, basi. Leo nenda Tabora, nenda Kigoma, nenda hapo msikitini kwa Ustadhi, uliza ni Waibadhi wangapi.

USTADHI: Sisi ni Shafii. Muibadhi labda apite na gari.

MWALIMU: Basi dola iliyotawala ilishindwa hata kuwapa raia wake madhehebu yake. Kama dini ingefuata bendera, Tanzania ingekuwa na Waibadhi wengi kuliko Omani.

(Hoja hii haijibiki kirahisi, na sijui kwa nini haitajwi mara nyingi zaidi. Lakini Mwinjilisti alikuwa amenyamaza kwa namna ambayo niliiogopa, na sababu yake ilikuwa nzito.)

MWINJILISTI: Mwalimu, umesema "karafuu, pembe na watumwa" kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa, ukapita. Mimi sitapita. Njia ya Kilwa kwenda Ziwa Nyasa ilikuwa njia ya watu waliofungwa shingo. Soko la Mkunazini, Unguja, halikufungwa hadi mkataba wa Juni 1873, na Sultani Barghash alitia saini kwa kuogopa manowari za Waingereza. Mnatuambia dola hiyo haikuwa na haraka ya kusilimisha watu. Kwa nini? Semeni sababu yake hapa mezani.

USTADHI: Nitaisema mimi, isije ikasemwa kwamba niliificha. Sheria yetu inakataza kumfanya mtumwa Mwislamu aliye huru. Kwa hiyo mfanyabiashara wa watumwa hakuwa na faida ya kuona bara linasilimu. Akisilimu jumbe na watu wake, soko limefungwa.

MWINJILISTI: Umeona? Basi mmenitetea upande wangu. Mnasema dola haikueneza dini, nami nauliza: haikueneza kwa sababu ilimtaka huyu mtu wa bara abaki "mshenzi" ili auzwe. Hilo linaisafisha vipi? Na sheria iliyomlinda Mwislamu peke yake ilimwachia mlango wazi asiye Mwislamu.

USTADHI: Haiisafishi. Sijaja kuisafisha dola ya Mabusaidi, wala sidaiwi nayo. Babu zangu ni watu wa bara, kama wako. Ninachokataa ni kwamba mimi nasali leo kwa sababu yule mwenye minyororo alinifundisha. Hakunifundisha. Umesema mwenyewe kwamba hakutaka.

MWALIMU: Na wala si mara ya kwanza dola kugongana na watu wa kwetu. Kati ya 869 na 883, kusini mwa Iraki, watumwa waliokuwa wakiondoa udongo wa chumvi kwenye mabwawa ya Basra waliasi. Waliitwa Zanji. Wakaitikisa dola ya Bani Abbasi kwa miaka 14. Na waliasi kwa jina la Uislamu dhidi ya khalifa wa Kiislamu. Dini na dola zilisimama pande mbili za uwanja.

MAMA: Haya, mmeniliza na sasa nina swali. Misafara ilipita, Njombe ikabaki vilevile. Kwa nini?

(Swali la Mama linastahili jibu refu kidogo. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mbali kaskazini. Njia kuu ya pili ilitoka Kilwa kwenda Nyasa, mbali kusini. Ubena, yaani nchi hii ya Njombe, ulikuwa katikati, wenye baridi na milima, na katika miaka ya 1870 na 1880 ulibanwa kati ya Wahehe wa Munyigumba, kisha Mkwawa, na Wangoni wa kusini. Mtawala aliyekuwa na mlango wa pwani ni Merere wa Usangu. Alinunua bunduki na nguo kwa pembe, wageni wa pwani wakakaa kwake. Walichomwachia ni bunduki na nguo.

Kwingine mambo yalikwenda tofauti, na haki inataka niseme. Nkhotakota, upande wa pili wa Ziwa Nyasa, mfanyabiashara wa pwani Salim bin Abdallah aliweka utawala wake kuanzia miaka ya 1840 na kujiita Jumbe, akiringia jina la sultani wa Unguja. Huko dini ilifundishwa hasa. Na watawala wa Wayao, kina Makanjila na Mataka, walisilimu wenyewe bila kutekwa na mtu. Mataka alijenga mji wake wa Mwembe, katika Msumbiji ya leo, akipanda miembe ili ufanane na pwani. Hawa walivutwa na heshima ya pwani, vitabu vyake, mavazi yake. Mvuto huo ni matunda ya dola kwa njia ya kuzunguka. Kwa hiyo anayesema dola haikuchangia chochote naye anazidisha.)

DEREVA: Sawa. Mkwawa hakuuleta, Merere hakuuleta, Unguja haikuuleta. Nani?

MWALIMU: Mjerumani.

MWINJILISTI: Nini?

MWALIMU: Kaa, usisimame. Ujerumani ilimlipa sultani marki milioni 4 mwaka 1890, ikachukua pwani. Abushiri, aliyeongoza upinzani wa pwani, alikuwa amekwisha kunyongwa Pangani, Desemba 1889. Dola ya Kiislamu bara imekufa hapo. Sasa Mjerumani anataka kutawala nchi asiyoijua. Anawachukua nani? Watu wa pwani wanaosoma na kuandika. Akida ni wa pwani, karani ni wa pwani, mkalimani ni wa pwani, askari wengi ni Waislamu. Lugha ya ofisi ni Kiswahili. Kila palipojengwa boma, nyuma yake pakaota mtaa wa Waswahili, na kwenye mtaa ule pakawa na mwalimu wa Kurani na ubao wake. Uislamu uliingia bara zaidi chini ya kaisari wa Kiprotestanti kuliko ulivyoingia chini ya sultani. Wamisionari walipiga kelele, wakaandika barua Berlin. Serikali ikawajibu kwa maneno mazuri na kuendelea kuajiri makarani wale wale.

USTADHI: Na Majimaji, Mwalimu.

MWALIMU: Naam. Septemba 1905 Wabena wa Mbeyela walikishambulia kituo cha misheni cha Yakobi, si mbali na hapa. Walishindwa, kama walivyoshindwa Wangoni na wengine wote wa kusini, ikafuata njaa. Dawa imewaangusha, waganga wameaibika, watawala wamenyongwa. Baada ya hapo kusini watu wengi walitafuta dini kubwa, wengine wakaenda misheni, wengine wakaenda kwa sheikh. Mwaka 1908 ikatembea ile inayoitwa Barua ya Makka, ikitabiri mwisho wa dunia, na Wajerumani wa Lindi wakapata homa. Hapo hakuna dola yoyote ya Kiislamu inayosukuma. Ni watu walioshindwa vitani.

USTADHI: Niongeze mtu mmoja. Bagamoyo alikuwapo Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya. Aliletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtoto, mtumwa. Akasoma, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, wanafunzi wakamfuata kutoka kila pembe ya bara. Waingereza walipoingia wakamfanya liwali wa Bagamoyo. Alifariki 1931. Mwinjilisti, uliuliza waliofungwa minyororo. Huyu alikuwa mmoja wao, na yeye na wenzake wa dhikri wamesilimisha watu wengi kuliko Seyyid Said na wanawe wote.

MAMA: Na wengine walikwenda wenyewe. Mzee wetu mmoja upande wa mama alichukuliwa manamba, mkonge wa Tanga. Enzi za SILABU, ofisi iliyoandikisha vibarua wa mkonge. Aliondoka hapa ana jina la Kibena na la ubatizo, akarudi anaitwa Ramadhani, ana kofia, hali kitimoto. Bibi alimwuliza, "Umeolewa huko?" Tukacheka mpaka leo. Lakini watoto wake ni Waislamu hadi sasa, wapo Njombe mjini, wengine wapo hapa. Hakuna sultani aliyemfuata kwenye mkonge.

DEREVA: Na reli! Babu yetu mmoja alijenga TAZARA, kuanzia 1970 mpaka ilipokwisha 1975. Alitoka Kilosa, akaoa hapa hapa, akabaki. Msikiti wa kwanza aliousali alisema ulikuwa wa mabanzi.

USTADHI: Wapo wengi wa namna hiyo. Wafanyabiashara, madereva, wafanyakazi wa reli. Misikiti ya njia kuu imejengwa na watu wa mizigo.

MWINJILISTI: Nimewasikiliza. Niulize: mnataka nikubali kwamba dola haina kazi kabisa?

USTADHI: Nataka uniambie ya kwako. Ulutheri ulikujaje Njombe?

MWINJILISTI: Misheni ya Berlin. Kidugala, Yakobi, Lupembe, mwishoni mwa karne ya 19. Ndiyo, bendera ya Mjerumani ilikuwa juu. Najua unakonipeleka.

USTADHI: Basi jipeleke mwenyewe.

MWINJILISTI: Vita ya kwanza ilipofika huku, Waingereza waliwakamata wamisionari wa Kijerumani, wakawaondoa. Wamisionari Waskoti wa Nyasa wakaja kuangalia vituo kwa mbali tu. Waliobaki na sharika ni walimu na wainjilisti Wabena, wengi hawakuwa na mshahara. Kanisa halikufa. Vita ya pili wamisionari wakakamatwa tena. Halikufa tena. Leo makao ya Dayosisi ya Kusini yapo Njombe, na Kaisari Wilhelm hakuna anayemkumbuka isipokuwa Mwalimu. Kwa hiyo ndiyo, kanisa langu lilikuwa imara zaidi dola iliyolileta ilipoondoka. Nakupa hiyo. Lakini nawe nipe hii: Andalusia. Granada ilianguka 1492. Mwaka 1609 mfalme wa Hispania akaanza kuwafukuza wazawa wa Waislamu, hata waliokwisha kubatizwa. Miaka mitano baadaye hakuna aliyebaki wa kuhesabika. Karne karibu nane za Uislamu, zimefutwa. Dola ya Kiislamu ilipoanguka, dini nayo iling'olewa. Kwa hiyo dola hulinda, ndugu yangu. Usiseme hailindi.

USTADHI: Nimekupa. Iling'olewa kwa dola nyingine.

MWALIMU: Na Wamongoli? Hulagu aliivunja Baghdadi 1258, akamuua khalifa. Waislamu wa Mashariki wakadhani dunia imekwisha. Mwaka 1295 mjukuu wa mtoto wake, Ghazan, alisilimu alipokuwa anatwaa kiti cha Uajemi. Aliyeteka akaingia dini ya aliyetekwa.

MAMA: Basi inategemea mshindi ana roho gani. Mimi gari langu la viazi linaondoka.

Mama aliondoka na mjadala ukaishia hapo, jambo ambalo si baya. Sasa nitoe yangu, maana mwandishi anayewapanga watu mezani halafu akajifanya hana upande anawadanganya wasomaji.

Naona Mwalimu ameshinda kwenye hoja kuu na Mwinjilisti ameshinda kwenye hoja iliyo nzito zaidi. Dola za Kiislamu, kuanzia Dameski hadi Unguja, zilikuwa dola kama nyingine: zilitaka kodi, njia, bandari na mwajiriwa anayejua kuandika. Dini ilienea chini yake, kando yake, na mara nyingi baada yake, ikibebwa na watu ambao dola haikuwajali: mtumwa wa Bagamoyo, manamba wa Tanga, fundi wa reli. Kwa Afrika Mashariki hilo halina shaka. Ushahidi wa Waibadhi peke yake unatosha.

Lakini mtu akitumia ukweli huu kusema "basi dola ya Unguja haituhusu", Mwinjilisti ana haki ya kumzuia mlangoni. Ile dola iliuza watu, na baadhi ya waliouzwa walikuwa wa nyanda hizi. Kuitenga dini na dola hakumpi mtu ruhusa ya kuisahau dola. Na Mkristo wa Njombe naye asitumie Mkunazini kama jiwe la kumrushia jirani yake, kwa sababu jirani huyo ni Mbena mwenzake, na misheni iliyombatiza babu yake ililindwa na bunduki za boma la Iringa.

Ombi langu ni kwa walimu wa historia wa mkoa huu. Mkilifikia somo la utawala wa Waomani, msimwulize mwanafunzi tu Seyyid Said alihamia Unguja mwaka gani. Mwulizeni kwa nini masultani wa Kiibadhi walitawala kwa zaidi ya karne moja na hawakuacha Waibadhi wengi bara. Kisha mtumeni nyumbani akamwulize bibi yake ni nani wa kwanza katika ukoo kubadili dini, alikuwa wapi siku hiyo, na alikuwa anafanya kazi gani. Na afanye haraka, maana walioshuhudia enzi za mkonge sasa ni wachache sana.